Mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu anapohitaji deikea: mambo ya kujua kwa wazazi wa Olkaria na Naivasha

Saa kumi na moja na nusu asubuhi, barabara ya Moi South Lake huwa tayari ina mabasi ya mashamba ya maua na magari ya wafanyakazi wa mvuke. Karagita, Kamere, Kwa Muhia na Kongoni, akina mama hupita gizani na watoto mgongoni, wakawaacha kwa mlezi kabla ya kuwahi basi. Mzazi wa mtoto mwenye afya njema huangalia bei, umbali na kama mlezi ni mtu mpole. Kwa mtoto mwenye selimundu, pumu, kisukari, kifafa au virusi vya Ukimwi, hayo matatu hayatoshi, na mzazi huyo kwa kawaida hujikuta kati ya mambo mawili. Ama aache kazi, ama aufiche ugonjwa ili mtoto apokelewe.

Kuficha ndiko hatari zaidi. Mlezi asiyejua kwamba mtoto ana selimundu ataona homa, atampa panadol, atamfunika na kungoja mama arudi jioni. Kwa mtoto huyo, saa nane za kungoja zinaweza kuwa nyingi mno. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutafuta deikea bila kuficha: utafute nini, useme nini, uandike nini, na sheria inakulinda wapi.

Kwa nini pengo hili lipo

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kaunti jukumu la elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Lakini darasa la chekechea la umma ni la mtoto wa miaka 4 na 5. Likizo ya uzazi kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007 ni miezi 3 yenye mshahara kamili. Kati ya mwezi wa tatu na mwaka wa nne, mtoto wa mfanyakazi hulelewa na jirani, na dada wa nyumbani, na shosho kijijini, au katika deikea ya mtaani. Kwa wengi wanaokaa nyumba za kupanga kando ya ziwa, deikea ya mtaani ndiyo iliyopo: chumba kimoja au viwili, mama mmoja, pengine na binti wa kumsaidia.

Miaka hiyo ndiyo ambayo magonjwa mengi ya kudumu hujitokeza. Chukua selimundu. Mtoto huzaliwa nayo, lakini miezi ya kwanza damu yake bado ina ile himoglobini ya tumboni inayomkinga. Dalili huanza kuonekana takriban mwezi wa sita, wakati mama amesharudi kazini na mtoto yuko kwa mlezi. Mara nyingi dalili ya kwanza ni vidole vya mikono na miguu kuvimba na kuuma, na anayeiona kwanza ni mama wa deikea. Akidhani mtoto ameumwa na mdudu, au kwamba wenzake wamemkanyaga, atanyamaza kwa kuogopa kulaumiwa. Ukimwambia mapema kwamba hutamlaumu kwa kila uvimbe, atakuambia anachokiona.

Selimundu tunaitaja kwa makusudi. Wafanyakazi wengi wa Naivasha wametoka sehemu za magharibi mwa nchi na kando ya Ziwa Victoria, ambako ugonjwa huu umeenea zaidi kuliko hapa. Kama katika ukoo wa baba au wa mama kuna mtoto aliyekuwa akiishiwa damu mara kwa mara au kulia kwa maumivu ya mifupa, omba mtoto wako apimwe. Kipimo ni cha damu, na ni vyema kifanywe kabla ya kurudi kazini.

Anza kliniki

Wazazi wengi hutafuta kituo kwanza, kisha wanakumbuka daktari. Ni afadhali kugeuza. Nenda kliniki anakotibiwa mtoto ukaulize maswali matatu: ni dawa gani lazima apewe wakati niko kazini, ni dalili gani zinazotaka apelekwe hospitali bila kunisubiri, na ni vitu gani vya deikea vinaweza kumdhuru.

Swali la kwanza linaweza kukupunguzia mzigo mkubwa. Dawa nyingi za kudumu zinaweza kupangwa ziangukie saa ambazo mtoto yuko mikononi mwako. Penisilini ambayo mtoto wa selimundu hupewa kumkinga na maambukizi hadi afike miaka 5 ni mara mbili kwa siku: unampa kabla ya kutoka, unampa tena ukirudi. Asidi ya foliki ni mara moja. Dawa nyingi za virusi vya Ukimwi kwa watoto pia ni za mara moja au mbili. Mwambie muuguzi saa unazotoka na kurudi, hata kama ni shifti ya usiku, ili ratiba ipangwe kufuatana nazo. Dawa isiyolazimika kutolewa deikea haitasahauliwa deikea.

Kisukari ni tofauti. Mtoto anayetumia insulini huhitaji kupimwa sukari na kudungwa sindano mara kadhaa kwa siku, na hakuna ratiba itakayokwepa saa za mchana kabisa. Hapa mlezi lazima afunzwe. Mwombe aje nanyi kliniki siku moja, umlipe siku hiyo, afundishwe na muuguzi mwenyewe. Mlezi anayekataa kuja amekupa jibu lake.

Uangalie nini ukifika kituoni

Nenda bila kutangaza, saa ambayo kituo kimejaa. Saa tano asubuhi ni nzuri, kwa sababu watoto wako macho na uji unapikwa. Hesabu watoto, kisha hesabu watu wazima. Mlezi aliye peke yake na watoto ishirini anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini mtoto wako akianza kupumua kwa shida hataonekana. Kwa mtoto mgonjwa, kituo kidogo chenye watoto wachache na mlezi aliyekaa mtaani miaka mingi kina faida kuliko jengo zuri lenye wafanyakazi wanaobadilika kila mwezi.

Tazama jiko. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Olkaria ni juu zaidi. Asubuhi za Juni na Julai ni baridi kali, na mlezi hushawishika kuingiza jiko la makaa ndani ya chumba na kufunga mlango. Moshi huamsha pumu. Kibaya zaidi, makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua watoto wote waliolala humo. Hili halina mjadala: jiko la makaa libaki nje. Mtoto wa selimundu, ambaye baridi humletea maumivu, avishwe soksi, kofia na nguo mbili au tatu juu ya nyingine.

Uliza maji yanatoka wapi. Mtoto wa selimundu anatakiwa kunywa maji mara kwa mara siku nzima, na hapa Bonde la Ufa visima vingi vina floraidi nyingi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza. Kuchemsha huua viini vya kuhara, lakini hakuondoi floraidi. Anayekunywa maji mengi kila siku atameza floraidi nyingi vilevile. Maji ya mvua yaliyotekwa na kuhifadhiwa vizuri, au yaliyochujwa kwa makaa ya mifupa, njia iliyoenezwa hapa Nakuru na Dayosisi ya Kikatoliki, ni bora zaidi. Ukiweza, mpe mtoto chupa yake ya maji kutoka nyumbani, iwe na jina lake.

Angalia choo, sabuni na mahali pa kubadilishia nepi. Kuhara ambako kwa mtoto mwingine ni usumbufu wa siku mbili, kwa mtoto wa selimundu au wa kisukari kunaweza kumfikisha wodini, kwa kuwa kupungukiwa na maji mwilini ndiko kunakoanzisha shida. Uliza pia kama wanaoandaa chakula wana cheti cha afya na kama afisa wa afya ya umma wa wadi anakijua kituo. Usitosheke na jibu la kichwa. Omba kukiona cheti.

Kisha uliza swali ambalo wazazi huona aibu kuliuliza: "Mama, kuna dawa unayowapa watoto walale?" Uliza kwa heshima, lakini uliza. Baadhi ya dawa za mafua na mzio huleta usingizi, na kuna walezi wanaozitumia kutuliza chumba chenye kelele. Hakuna mtoto anayepaswa kulazwa kwa dawa. Kwa mwenye pumu, kifafa au kisukari ni hatari maradufu, kwa sababu mtoto aliyelewa dawa haoneshi dalili za mapema.

Kumwambia mlezi

Mama wa deikea akisikia neno "kifafa" au "selimundu" kwa mara ya kwanza, anachofikiria ni mtoto kumfia mikononi na polisi kuja mlangoni. Hofu hiyo ni ya kweli na si ubaya wa moyo. Mpe kitu cha kushika badala ya hofu. Usianze na jina la ugonjwa. Anza na kazi unayomwomba. "Mama, mtoto wangu hucheza na kula kama wengine. Ana shida ya damu. Nitakuomba vitu vitatu: anywe maji kila mara, asishikwe na baridi, na akipata joto unipigie wakati huo huo, hata kama ni saa mbili tu tangu nimwache." Mtu akielewa kazi yake, jina la ugonjwa halimtishi tena.

Si kila jambo lazima lisemwe. Mtoto anayeishi na virusi vya Ukimwi, anayemeza dawa nyumbani na ambaye virusi vyake vimedhibitiwa, hahitaji deikea nzima ijue. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inalinda siri ya matokeo ya mtu, na inakataza taasisi ya elimu kumkataa mtu kwa ajili ya hali hiyo. Mlezi anachohitaji kujua ni kile kinachotakiwa kwa watoto wote: avae glavu au atumie mfuko safi wa plastiki akigusa damu, na akuite mtoto akiwa na homa au akiharisha. Kwa selimundu, pumu kali, kisukari na kifafa ni kinyume chake. Dharura inaweza kutokea mchana, kwa hiyo mlezi lazima ajue. Mwombe asizungumze habari hizo na wazazi wengine.

Mpe wiki ya majaribio. Kama una siku za likizo, tumia mbili au tatu. Siku ya kwanza kaa naye kituoni, ya pili mwache saa chache, ya tatu nusu siku. Mwache mlezi afanye mbele yako yale atakayofanya peke yake. Aliyeambiwa mara tatu jinsi ya kutumia pampu ya pumu bado atatetemeka siku ya kwanza, lakini aliyeishika mwenyewe mbele yako ana nafuu. Kwa kazi hii ya ziada, kubalianeni malipo ya ziada tangu mwanzo. Tunalisema waziwazi kwa sababu wazazi huliona kama tusi. Lakini mlezi anayefanya zaidi bila kulipwa huchoka, na akichoka huacha.

Karatasi ya ukutani

Chukua karatasi moja, si mbili. Andika kwa Kiswahili chepesi au kwa lugha anayosoma mlezi, kwa herufi kubwa. Juu kabisa jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, ugonjwa wake, dawa zinazomdhuru, na nambari yake ya kliniki. Chini yake dalili za hatari na la kufanya kwa kila moja. Mwisho, nambari za simu kwa mpangilio wa kupigiwa.

Hapo kwenye simu ndipo mipango mingi huvunjika. Baadhi ya paki hausi hayaruhusu simu ndani, na aliye ndani ya nyumba ya maua au kwenye kisima cha mvuke huenda asipate mtandao. Nambari yako pekee haitoshi. Weka ya supavaiza wako, ya ofisi ya wafanyakazi, ya jirani anayeshinda nyumbani, na ya mwendesha bodaboda au teksi mliyekubaliana naye kwamba atabeba kwanza na kulipwa baadaye. Mweleze supavaiza kabla, si siku ya tukio: "Simu ikija kutoka deikea, naomba niitwe." Ijaribuni siku moja mkiwa shwari, muone simu inachukua dakika ngapi kukufikia.

Ongeza barua fupi yenye sahihi yako inayomruhusu mlezi kumpeleka mtoto katika kituo cha afya kilicho karibu bila kukungoja. Iambatane na nakala ya kadi ya kliniki. Mlezi ajue pia kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Akifika mlangoni na mtoto anayepumua kwa shida, kukosa pesa mkononi si sababu ya kurudishwa.

Dalili zisizongoja jioni

Daktari wako ndiye atakayesema ya mtoto wako hasa. Haya ni ya jumla, na yanafaa kujulikana na kila mlezi.

Selimundu: homa ya nyuzi 38 au zaidi ni safari ya hospitali, hata kama mtoto anacheza. Asipewe panadol ikaachwa hapo. Dawa itashusha joto na kuficha maambukizi. Kupauka ghafla kwa midomo na viganja, tumbo kujaa upande wa kushoto, kupumua kwa haraka, kulegea upande mmoja wa mwili au maumivu yasiyotulia pia hayangoji. Mfundishe mlezi kulipapasa tumbo la mtoto taratibu akiwa mzima, ili alijue lilivyo siku ya kawaida.

Pumu: mtoto anayevuta mbavu ndani akipumua, anayeshindwa kunyonya au kuongea, au midomo ikibadilika rangi, apewe pampu ya bluu kama karatasi inavyosema na gari liitwe wakati huo huo. Kwa mtoto mdogo pampu hutumiwa na kopo la kupitishia dawa lenye barakoa. Dawa ikipulizwa moja kwa moja mdomoni nyingi huishia kwenye ulimi. Makopo ya dukani ni ghali, lakini watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa na kuzibwa vizuri kuzunguka pampu, ilifanya kazi sawa na ile ya kununua. Watoto wa utafiti huo walikuwa wakubwa kidogo, basi kwa mtoto mchanga muulize muuguzi namna ya kupata barakoa.

Wanaoishi karibu na visima vya mvuke huuliza kuhusu ile harufu ya mayai viza. Hiyo ni gesi ya hidrojeni salfaidi, na ikiwa nyingi huwasha macho na njia ya hewa. Andika tarehe za siku ambazo harufu ni kali na siku ambazo mtoto amekohoa, uzipeleke kwa daktari. Lakini kabla ya kuulaumu mvuke, angalia vilivyo karibu na pua ya mtoto: moshi wa jiko, vumbi la barabara, blanketi lisiloanikwa, manukato. Hivyo unaweza kuviondoa leo.

Kisukari: mtoto anayetoa jasho baridi, anayetetemeka, mkali bila sababu au mwenye usingizi usio wa kawaida apimwe. Ikiwa sukari iko chini ya 4, au kama hakuna kipimo cha kutumia, apewe kiasi alichoandika daktari cha kitu kitamu cha kufanya kazi haraka. Kwa mtoto mdogo mara nyingi ni kama vijiko viwili vya chai vya sukari katika maji kidogo. Apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Aliyezimia asitiwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali. Insulini isiyofunguliwa hukaa katika friji bila kugandishwa. Pasipo friji, chungu cha udongo kilicholowanishwa na kuwekwa kivulini husaidia. Isiachwe juu ya mabati wala dirishani.

Kifafa: mtoto alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe, na mlezi atazame saa. Kijiko kisitiwe mdomoni, mikono isishikwe kwa nguvu, na viatu au vitunguu visinuswishwe. Degedege likipita dakika 5, au likirudi kabla mtoto hajazinduka, ni hospitali. Povu la mdomoni haliambukizi. Wazazi wengine wakitoa watoto wao kituoni kwa hofu hiyo, mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa anaweza kuja kuzungumza nao.

Dawa yoyote inayoachwa kituoni iwe katika kopo lenye kifuniko, juu pasipofikiwa na mkono wa mtoto, ikiwa na jina la mtoto na kipimo. Dawa ya maji ipimwe kwa sindano isiyo na ncha inayotolewa famasi, kwa kuwa vijiko vya jikoni hutofautiana sana. Daftari la shilingi chache litoshe kuandika saa iliyotolewa na nani aliyeitoa. Usome daftari hilo kila jioni, hata kama umechoka.

Kumpeleka mtoto ushago

Wengi huamua kumpeleka mtoto kwa nyanya yake Siaya, Busia au Kakamega. Kwa mtoto mwenye pumu huenda ikawa nafuu. Kwa mwenye selimundu, fikiria mara mbili. Hapa Naivasha malaria ni kidogo. Kule ni nyingi, na malaria kwa mtoto wa selimundu huweza kumaliza damu kwa siku chache. Ikiwa hakuna njia nyingine, aende na barua ya uhamisho wa kliniki, chandarua chenye dawa, na dawa ya kila siku ya kuzuia malaria aliyoandikiwa. Hata safari ya Krismasi ya wiki mbili inahitaji maandalizi hayo.

Kituo kikikataa, na kazini je?

Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya afya, na kinawabana watu binafsi vilevile, si serikali tu. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inakataza kumbagua mtoto. Kituo kinachosema "hatuchukui watoto wagonjwa" kwa jumla kinakosea. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kituo hicho na mlezi anayesema kweli kwamba yuko peke yake na hawezi kupima sukari mara nne kwa siku. Huyo wa pili amekuokoa. Mshukuru, umuulize anamjua nani anayeweza. Ukiona ni ubaguzi, au umegundua mtoto anapewa dawa za usingizi au anapigwa, nenda ofisi ya watoto ya kaunti ndogo au kwa chifu, au piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, mchana na usiku.

Kwa upande wa kazi, sheria ina upungufu. Likizo ya ugonjwa katika Sheria ya Ajira ni ya mfanyakazi anapougua yeye, si mtoto wake. Likizo ya mwaka ni siku zisizopungua 21 za kazi, na mzazi wa mtoto mgonjwa hufaa kuzigawa: siku moja moja za kliniki, badala ya kuzimaliza zote Desemba. Soma mkataba wa pamoja wa chama chako cha wafanyakazi, kwani unaweza kutoa zaidi ya sheria. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyesha na kumpa mama anayenyonyesha muda wa hadi saa 1 katika kila saa 8 za kazi, nao huhesabiwa kama kazi. Mashamba yenye cheti cha Fairtrade huwa na kamati ya wafanyakazi inayoamua matumizi ya fedha za nyongeza. Kama shamba lenu halina deikea, hoja hiyo ipelekwe katika mkutano wa kamati, na wazazi kadhaa wakiwa pamoja.

Bima

Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka. Zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi kwa aliyesajiliwa, lakini kulazwa hospitalini kunahitaji michango iwe imelipwa. Piga *147# uhakikishe jina la mtoto limeingizwa kama tegemezi. Wazazi wengine hugundua halimo wakiwa dirishani na mtoto mikononi. Utahitaji cheti chake cha kuzaliwa. Kama bado huna, kifuatilie sasa, kwa sababu chekechea nayo itakiuliza.

Chanjo ya nimonia, yaani PCV, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ya surua miezi 9 na 18. Zote ni bure katika vituo vya umma. Beba kijitabu cha afya ya mama na mtoto siku ya kwanza ya deikea, mlezi aone kurasa hizo, na akuoneshe kama watoto wake wengine nao wamechanjwa.